Siagi Katika Kioo Namba Saba

Rekodi ya shule ilikuwa dakika moja na sekunde hamsini. Mwenye rekodi alikuwa Mwachiro Ndoro wa Kidato cha Tatu, na hakuna mtu aliyewahi kulala siku mbili katika Shule ya Vioo bila kuarifiwa jambo hilo, mara nyingi na Mwachiro mwenyewe.

"Sogeeni, lakini msipumue sana," aliwaambia Kidato cha Kwanza siku yao ya kwanza ya zamu. "Hii ni kazi ya heshima. Kuna mtu alipiga chafya hapa mwaka juzi, na hadi leo hatujui aliko."

Wakabana pumzi. Mwachiro akalinyanyua bomba la grisi kama padri anavyonyanyua kikombe. Akauvuta ufito wa nyuma mpaka springi ikalia, akaunasa kwenye kijino chake kabla haujarudi kumvunja gumba. Akakata kifuniko cha kopo la grisi kwa kisu, akikwepa kingo za bati ambazo zilikwisha kuchana nusu ya vidole vya shule. Kisha akafanya lile ambalo fundi wa Vioo haliruki: akachovya kidole cha mwisho ndani ya grisi, akaisugua kwa gumba, akainusa, akaigusisha kwenye ncha ya ulimi, akatema.

"Ni yenyewe," akatamka.

Huko ndiko kuonja. Grisi ya Vioo ilipikwa kwa mafuta ya mbarika, nayo ilikuwa chungu kama salamu za mwenye nyumba. Ikiingia maji au mchanga, ulimi hujua kabla ya macho. Akalisukuma kopo ndani ya bomba, akakaza kichwa, akauachia ufito, akapiga pampu mara tatu hadi hewa ikakohoa ikatoka.

"Mkono mmeuona," akasema, akifuta vidole kwa tambara, polepole, kama mtu anayejua anatazamwa. "Mwingine wa namna hii hamtauona."

Waliuona baada ya wiki tatu.

*

Qabale Wario alisoma darasa moja na Mwachiro. Kwao ni Kalacha, ambako baba yake alifuga ngamia na mama yake alijua kukitumia kila kitu cha ngamia isipokuwa mlio wake. Alikuwa msichana wa maneno machache. Jumatatu hiyo aliingia karakana, akaweka mezani kitu kirefu cha kijivu, kilichovimba na kufungwa kwa uzi huku na huku.

"Nani kafa?" akauliza Mutuku, rafiki yake Mwachiro, ambaye hakuna kitu alichokipenda kuliko usingizi, ila labda chakula.

"Ngamia. Huu ni utumbo wake. Nimeuosha, nikauanika, nikaujaza grisi mpaka hewa ikakosa pa kukaa." Qabale akamgeukia Mwalimu Nasimiyu, mkuu wa karakana. "Ni katriji, Mwalimu. Naomba unipimie muda."

Mwalimu akatoa saa yake ya kutia ufunguo. Saa nyingine hazikuwako. Tangu Dhoruba ya Jua, enzi za babu zao, jua lilikuwa likikohoa kila baada ya miezi michache, na kila lilipokohoa, waya wowote mrefu kuliko mkono wa mtu uliungua. Ndiyo maana vioo mia mbili vya jangwa la Chalbi viligeuzwa kwa mikono ya wanafunzi, kulifuata jua tangu asubuhi hadi jioni, na mwanga wao ukachemsha maji juu ya mnara, na mvuke wa mnara ukavuta maji ya visima kwa miji yote ya kaskazini. Na ndiyo maana kila beringi ya kila kioo ilikuwa na jina, zamu na grisi yake, na kiganja cha kuisikiliza.

Qabale alitumbukiza ule utumbo ndani ya bomba. Bomba lenyewe halikuwa na ufito wala springi. Akakaza kichwa, ambacho ndani yake alikuwa amechomelea jino moja lenye tundu, jino likautoboa utumbo, akapiga pampu. Grisi ikatoka bila kukohoa. Kadiri ilivyotoka, utumbo ulijikunja wenyewe kama soksi.

"Sekunde kumi na mbili," alisema Mwalimu Nasimiyu. Akaitazama saa tena, akaitikisa, akaiweka sikioni.

Kisha akamwita msichana wa Kidato cha Kwanza aliyekuwa na bandeji kidoleni, jeraha la bati. Yule akajaribu. Kumi na tano.

"Hata mwalimu wa historia ataweza!" akapiga kelele Mutuku, na karakana nzima ikalipuka kwa makofi.

Mwachiro naye alipiga makofi. Alipiga kwa adabu kubwa, kama anayefukuza mbu msibani. Laiti angeshindwa tu. Mtu akivunjiwa rekodi hufanya mazoezi, akairudisha. Lakini rekodi yake haikuvunjwa. Ilibaki nzima kabisa, na haikuwa na kazi tena, kama ubingwa wa kupekecha moto kwa vijiti siku kiberiti kilipoingia kijijini. Miaka mitatu ya kubanwa gumba na springi, na sasa mtoto mwenye bandeji alikuwa fundi.

"Na kuonja?" akauliza kwa sauti. "Kitu kimefungwa pande zote. Tutakionjaje?"

"Naonja mimi, kabla sijajaza," akajibu Qabale.

"Na yule anayepakia?"

"Anamwamini aliyejaza."

"Wivu huo, Mwachiro!" wakamzomea kutoka nyuma. "Meza mate, ndugu yetu!"

Mwalimu Nasimiyu peke yake hakucheka. Aliandika kitu katika daftari lake. Na kilichomchoma Mwachiro zaidi ya kelele zote ni kwamba wazomeaji walisema kweli. Ulikuwa wivu. Lilikuwa pia swali zuri, lakini nani angeamini kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kutoka katika kinywa kimoja?

*

Ikatangazwa kwamba Ijumaa atakuja Mzee Halkano, Mkaguzi wa Maji, kuiona katriji mpya. Ikimridhisha, itatumika katika vioo vyote mia mbili, jina la aliyeibuni litapigwa muhuri kwenye kichwa cha kila bomba, na yeye atapewa ile nafasi moja ya Chuo cha Mnara. Nafasi hiyo Mwachiro alikuwa ameshaiwekea mipango. Alikuwa ameshaamua hata upande wa kitanda.

Alhamisi mchana, wenzake walipokuwa wakifua, aliingia karakana akiwa na bakuli la siagi ya jikoni chini ya shati.

Haki itendeke: hakutaka kumdhuru mtu. Mezani palikuwa na sinia ya Qabale yenye katriji kumi na mbili zilizolala safu moja kama watoto wachanga. Aliyoitaka ni ya mbele kabisa, ambayo Qabale angeimimina katika bakuli la kioo mbele ya mgeni. Akaifungua, akaikamua grisi, akaijaza siagi, ambayo kwa rangi ni pacha wa grisi ya mbarika. Akaifunga kwa fundo la kwao Kwale, lile la kufungia mizigo ya nazi, kwa kuwa fundo lingine hakulijua. Mpango wake ulikuwa huu: Mzee Halkano atachovya kidole, ataonja kama mila inavyotaka, atatoa macho. Hapo Mwachiro atasimama katikati ya ukumbi, taratibu, kwa uso wa mazishi, atoe mkate mfukoni na kuuliza kama kuna mtu mwenye chai.

Alilala fofofo. Wivu ukishapata kazi ya kufanya, humwachia mwenyewe apumzike.

*

Ijumaa saa nne asubuhi, ukumbi ulikuwa umejaa. Mwachiro alikaa safu ya pili, mkate mfukoni. Qabale alisimama mbele, akafunua sinia.

Zilikuwa kumi na moja. Ya mbele haikuwako.

Qabale aliguna kidogo, akachukua iliyofuata, akaendelea. Mwachiro aliinama, akapita chini ya viti hadi nyuma, alikokuwa Mutuku anatafuna kitu.

"Mutuku. Kuna katriji moja haipo."

"Nimeichukua mimi, bwana." Mutuku alitabasamu kwa fahari. "Nilichelewa kuamka, na zamu ya Namba Saba ni yangu. Nikasema nipambane na makopo? Nikapita na moja ya Qabale. Sekunde kumi! Nimewahi hata uji."

"Umeitia Namba Saba? Yote?"

"Mpaka tone la mwisho. Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Hukuonja?"

"Nionje nini? Imefungwa."

Mwachiro alitoka nje akitembea kama mtu mwenye haja ndogo, kisha akakimbia. Kioo Namba Saba ndicho kikubwa kuliko vyote, kipana kama nusu ya uwanja wa mpira, na kimebonyea kama sahani. Vingine hutia mwanga. Namba Saba huchoma. Wasichana wawili wa zamu walikuwa kwenye mpini wake, wakiuzungusha kwa kuegemea.

"Leo kizito," akasema mmoja. "Umekuja kusaidia?"

Mwachiro aliangalia ndoo ya taka chini ya beringi. Utumbo ulikuwamo, umenywea, na fundo la nazi lilikuwa bado limekaa juu yake kama sahihi. Chini ya beringi siagi iliyoyeyuka ilikuwa ikidondoka mchangani, na siafu walikwisha kuandika msafara.

Siagi nayo ni mafuta, akajiambia. Na mafuta ni mafuta.

Akautia ule utumbo mfukoni, juu ya mkate, akarudi ukumbini. Njiani wazo jingine lilimfuata. Alilifukuza, likarudi likiwa na tabasamu. Namba Saba kikikwama leo, lilimwambia, atalaumiwa nani? Katriji isiyoonjwa. Na nani aliuliza juu ya kuonja, mbele ya watu wote, akazomewa?

Hakulikaribisha. Lakini hakulifungia mlango.

*

Mzee Halkano alikuwa amechovya kidole, ameonja, amekunja uso kwa uchungu wa mbarika na kusema, "Hii ni grisi," jambo lililopigiwa makofi, wakati kengele ilipolia nje.

Namba Saba kilikuwa kimekwama.

Watu wote walitoka. Doa la mwanga lililopaswa kukaa juu ya mnara lilikuwa limeteleza, likashuka ukutani, likagusa ardhi. Jua lilikwenda magharibi, na mwanga wa kioo kilichosimama ukatambaa mashariki, hatua moja na nusu kwa dakika, mpole kama konokono. Ndara moja iliyosahauliwa uani ilijikunja, ikatoa moshi, ikawa uji mweusi. Hatua arobaini mbele ya doa hilo lilisimama ghala la mahindi lililoezekwa kwa mikeka, chakula cha watu mia nne hadi msafara wa ngamia urudi baada ya mwezi. Turubai za kufunikia kioo zilichukuliwa na upepo wa Machi, na mpya hazijaja.

"Kidato cha Kwanza na cha Pili, toeni magunia!" Mwalimu Nasimiyu aliamuru. "Nani alitia grisi Namba Saba leo?"

Mutuku aliinua mkono, amepauka. "Mimi, Mwalimu. Nilitumia katriji mpya. Ya Qabale."

Vichwa vyote vilimwelekea Qabale, polepole, kama vioo.

"Katriji yako imeleta hewa," akasema Mzee Halkano. Hakuwa mkali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Au utumbo umeoza. Binti, kitu cha kushonwa jikoni hakiwekwi kwenye kioo kinachochoma."

"Nilionja zote," Qabale alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Moja moja. Lakini kama imekwama…" Akaivua shingoni kamba ya kifuniko cha shaba, alama ya mwenye ruhusa ya kugusa vioo. "Basi ni mimi."

"Ongezeni grisi!" Mwalimu aligeuka. "Leteni makopo. Tuisukume hadi ilainike."

Na hapo Mwachiro akajua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba alikuwa ameshinda. Alihitaji tu kunyamaza, kazi ambayo ni rahisi kuliko zote duniani, ingawa hakuwa na uzoefu nayo. Jina la Qabale lisingepigwa muhuri hata kwenye kijiko. La pili, kwamba grisi ikisukumwa juu ya siagi iliyoungua na kugeuka gundi, ingeshindilia tu ile gundi ndani. Ilibidi ioshwe kwanza kwa mafuta ya taa. Na mtu pekee aliyejua hivyo alikuwa na mkate mfukoni.

Aliitazama kamba ya shaba mkononi mwa Qabale. Alikuwa akiikunja vizuri, kama mtu anayerudisha nguo ya kuazima.

"Mwalimu, usitie grisi," akasema. "Ni siagi."

"Nini?"

Akatoa ule utumbo mfukoni, pamoja na vipande vya mkate vilivyougandia, akauweka katika kiganja cha Mwalimu Nasimiyu. Mwalimu akafanya alichofanya maisha yake yote. Akaugusa kwa kidole cha mwisho, akakisugua, akakinusa, akakigusisha ulimini.

"Fundo hili ni la nani?" akauliza.

"La kwetu Kwale. Ni mimi, Mwalimu. Nilitaka mgeni acheke. Nilitaka…" Akameza mate. "Nilitaka wamcheke Qabale."

Qabale alimtazama. Mwachiro alikuwa amewahi kutazamwa na walimu, na askari wa lango, na nyoka mmoja, lakini hajawahi kutazamwa hivyo.

"Utapigwa na mimi baadaye," alisema Qabale. "Mafuta ya taa yako wapi?"

*

Kuosha kulikula dakika tisa. Walibaki na kumi na sita, na beringi ya Namba Saba haijai kwa chini ya mabomba tisa, mawili ya kusukuma uchafu nje na saba ya kushika. Mwachiro alilichukua bomba la zamani kwa mazoea, akapiga hesabu kichwani, akalirudisha chini. Kwa mkono wake, mkono wenye rekodi, kupakia tu mara tisa kungemeza dakika hizo zote na nusu juu yake, kabla hajapiga pampu hata moja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa rekodi ile kupimwa kwa kitu kingine zaidi ya majivuno.

"Nipe lako," akamwambia Qabale.

"Utapiga. Napakia mimi."

Alitumbukiza, akakaza, akampa. Mwachiro alipiga pampu hadi mabega yakawaka. Utumbo ulijikunja, Qabale akautoa, akatumbukiza mwingine. Hawakusemezana ila namba. "Tatu." "Nne." Nyuma yao magunia yalikuwa yakipita mkono kwa mkono, na harufu ya mchanga uliochomeka ilikuwa ikisogea. Katriji ya tano Mwachiro aliirudisha.

"Hii nayo umeionja?"

"Nimeionja!"

"Mimi sijaonja."

Qabale alitaka kufoka. Badala yake akaitoboa kwa ukucha, wakachovya wote wawili, wakatema wote wawili. Chungu. Tamu kuliko asali.

Katika ya tisa beringi ilitoa sauti ya mzee anayeinuka kitini. Watu sita waliegemea mpini. Kioo kikatikisika, kikasita, kikageuka. Doa la mwanga lilikuwa limeshakula kona ya paa la ghala, mikeka mitatu, na gunia moja lililokuwa karibu likawa bisi. Kisha likapanda mnarani, likakaa mahali pake.

*

Adhabu ya Mwachiro ilitangazwa gwarideni kwa sauti ya kuwafikia hata ngamia. Alivuliwa shaba kwa mwaka mzima. Angeosha matumbo ya katriji muhula wote, na mtu ambaye hajaosha utumbo wa ngamia kwa maji ya ndoo moja asijisifu kwamba amewahi kutubu. Nafasi ya Chuo ilikwenda kwa Qabale, na muhuri pia, kwa sharti moja la Mzee Halkano: katriji ipate njia ya kuonjwa.

Qabale alimkuta kwenye beseni, amekunja suruali.

"Uliuliza swali," akasema. "Lijibu."

"Kwa nini mimi? Jina litakuwa lako."

"Jina ni langu. Swali ni lako."

Ilimchukua siku nne na hasira nyingi. Mwishowe aliacha kipande cha utumbo nje ya fundo, chenye grisi ya ukubwa wa punje ya njegere. Anayepakia hukikata kwa ukucha, huonja, na fundo lililobaki nyuma haliruhusu hewa kuingia. Wakakiita kimkia. Fundo lilikuwa la nazi, kwa kuwa jingine alikuwa bado hajajifunza.

Alipoona kichwa cha bomba la kwanza chenye muhuri, QABALE WARIO, herufi safi, alichomwa kama siku ile ya makofi. Alishangaa. Alidhani mtu akishakiri, wivu hufungasha. Huu wake ulikuwa umehamia tu chumba cha nyuma.

Mwaka uliofuata, siku aliyorudishiwa shaba, alisimama mbali akiwatazama Kidato cha Kwanza wapya zamuni. Msichana mmoja alichukua katriji, akakata kimkia, akachovya, akanusa, akaonja, akatema. Kisha, kwa uso mzito kama wa askofu, akatamka:

"Si siagi."

"Si siagi," wenzake wakaitikia. Akatumbukiza, akakaza, akapiga.

Mwachiro alisogea. "Nani amewafundisha kusema hivyo?"

"Ndivyo inavyosemwa, kaka. Kwenye vioo vyote."

"Na kwa nini siagi?"

Msichana aliwaza. "Sijui. Nadhani ni mambo ya wazee wa zamani."

Akaondoka na bomba lake. Mwachiro alibaki akihesabu kimoyomoyo, kwa kuwa alikuwa amempimia muda bila kutaka. Sekunde kumi na nane. Kumi na mbili zilikuwa za Qabale, na hakuna wa kumpokonya. Lakini zile sita zilikuwa zake.